Granular, grainy, gritty, coarse: uandike lipi, na wapi

Kuna maneno manne ya Kiingereza yanayowasumbua watu wa Arusha na Moshi wanaopata riziki kwa kuandika lugha hiyo: "granular", "grainy", "gritty" na "coarse". Namzungumzia mwongoza watalii anayeandaa maelezo ya safari, ofisa wa mradi anayemtumia mfadhili ripoti ya robo mwaka, mwenye kahawa anayetaka lebo ya pakiti isomeke vizuri, na dada wa duka la pembejeo anayewasomea wateja maandishi ya kwenye mfuko. Wote hao siku moja hufika kwenye kitu chenye chembe, wakaduwaa na kuandika neno la kwanza lililowajia.

Kamusi ndogo ya mfukoni haiwatoi hapo. Kwa yote manne utapata majibu yanayokaribiana: -enye chembechembe, -a kukwaruza, -a chenga. Ukimwuliza mwenzako wa meza ya pili atakwambia yote sawa tu. Basi jaribu kumwambia mgeni kwamba mboga ya jikoni kwako ni "gritty", uone kama ataila. Umemwambia kwamba mchicha haukuoshwa.

Nayaweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya mtu aliyekwama, si kwa ajili ya mtihani. Hakuna linaloyashinda mengine matatu kila mahali.

Nimeyapima kwa nini

Mambo manne, yale yale kwa kila neno. La kwanza ni mkononi: ukikishika kitu, chembe zake ni kubwa kiasi gani, ni ngumu au laini, zimeachana au zimeshikana. La pili ni mbali na mkono, yaani maana ambayo neno limechukua baada ya kuacha vitu vya kushikika na kuingia kwenye picha, ripoti na tabia za watu. La tatu, linasifu au linalaumu. La nne, linamfaa nani.

Nikilazimishwa kubaki na kigezo kimoja, nitabaki na cha tatu. Ukikosea ukubwa wa chembe, msomaji anakusahihisha kichwani mwake na kuendelea. Ukiponda kitu ulichokusudia kukisifu, mteja amekwenda.

Sarufi sikuiweka kwa sababu haina mengi. "Granular" hutanguliwa na "more". Mengine yanabadilika mwishoni, "grainier", "grittier", "coarser". Yote hukaa kabla ya nomino au baada ya kitenzi. Tumemaliza sarufi.

Granular

*Mkononi.* Asili yake ni Kilatini, "granulum", punje ndogo. Ndugu zake ni "grain", "granary", yaani ghala, na "granite", lile jiwe ambalo ukilitazama kwa karibu unaona punje za madini zilizobanana. Kitu kikiwa "granular" maana yake kimeundwa kwa punje zilizoachana, zinazoonekana kwa jicho, na zinazomiminika.

Ingia duka lolote la pembejeo Moshi mjini, mahali wanapopima mbolea ya CAN kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa, uombe kuchota kidogo kiganjani. Ni vijiwe vya mviringo usiokamilika, rangi nyeupe iliyofifia, vinavyoteleza katikati ya vidole. Ukiminya kimoja kwa ukucha hakisagiki kirahisi, na kiganja kinabaki na vumbi kidogo tu. Hiyo ndiyo "granular" halisi, na ndilo neno utakalolikuta kwenye mfuko. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa pembeni ya barabara ya Arusha kwenda Babati, inafundisha vizuri zaidi kwa sababu imeuzwa kwa sura zote mbili, ya unga na ya punje. Anayemwaga unga shambani wakati wa upepo anajua sababu ya kutengeneza punje: nusu ya kazi ni kupangusa macho. Kwa hiyo "granular" hapo linabeba ahadi kwamba haipeperuki na ni rahisi kuipima kwa kifuniko cha soda.

Usilichanganye na "granulated". Hili la pili linasema kitu kimefanywa kuwa punje, na sukari ndiyo makazi yake ya kudumu. Sukari ya TPC, kusini mwa Moshi, kwa Kiingereza cha jikoni ni "granulated sugar". "Granular sugar" inaeleweka, ila haisemwi.

Wataalamu nao wana yao. Bwana shamba akiandika kwamba udongo wa juu una "granular structure", anausifia: ni ule wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, chenye migomba na samadi ya miaka, unaovunjika kwa vibonge vidogo vya mviringo na kupitisha maji. Maabara wakiandika "granular casts" kwenye majibu ya mkojo, hiyo ni kazi ya daktari kuifafanua, si yako. Na muuguzi akiandika kidonda kiko "granulating", mgonjwa asishtuke: nyama mpya inajaa, kidonda kinapona.

*Mbali na mkono.* Ndiko lilikopata umaarufu. Kwanza watu wa kompyuta, kisha watu wa takwimu na biashara, walilichukua kueleza jambo lililogawanywa katika vipande vidogo vinavyoweza kutazamwa kimoja kimoja. Ripoti inayosema wakulima wa Kilimanjaro wamevuna vizuri haina sifa hiyo. Inayotenganisha Rombo, Same, Hai na Siha imeanza kuipata. Inayoshuka hadi kata, au inayowatofautisha wa ukanda wa kahawa juu mlimani na wa tambarare chini, hiyo mfadhili ataiita "granular" bila kusita. Kwenye programu za kompyuta ni vivyo hivyo: "granular permissions" ni pale karani anaporuhusiwa kuona malipo lakini si kuyafuta, na mhasibu kuyafuta lakini si kuongeza mtumiaji mpya.

Hapa tusimame kidogo, maana neno hili linaelekea pande mbili. Mbolea ikiitwa "granular", ni nene kuliko unga. Takwimu zikiitwa "granular", zimesagwa zaidi. Huyu anasikia chembe kubwa, yule anasikia chembe ndogo, na wote wako sahihi. Sababu ni kwamba punje iko katikati ya bonge na unga. Ukitokea kwenye unga, punje ni kubwa. Ukitokea kwenye bonge, punje ni ndogo. Muuza pembejeo hutokea kwenye unga, kwa kuwa mshindani wa mbolea ya punje ni mbolea ya unga. Mtu wa takwimu hutokea kwenye bonge, yaani jumla ya mkoa mzima. Kabla hujaandika "more granular", jiulize msomaji wako anatokea upande gani. Nimeona maelezo ya bidhaa yakisema "more granular" kwa maana ya kusagwa laini zaidi. Mnunuzi akitokea kwenye unga, ataagiza kinyume cha anachokitaka.

*Sifa au lawama.* Kwenye vitu, halisifu wala halilaumu. Ofisini linasifu, ila limeanza kuchakaa. Kuna vikao ambamo kila mtu anataka "get granular", yaani tuingie ndani ya mambo, na mwisho wa kikao hakuna aliyeingia popote. Maoni yangu: nusu ya "granular" zinazoandikwa kwenye ripoti za mji huu zingekuwa "detailed" bila kupoteza kitu. Kipimo ninachotumia ni kuuliza "hadi ngazi ya nini?" Kama jibu lipo, kata, kaya, siku, mti mmoja mmoja wa kahawa, basi neno limekaa mahali pake. Kama jibu ni "yaani kwa undani", andika "detailed". Na kama unachogawanya ni watu kwa jinsia au umri, neno la kitaalamu ni "disaggregated". Wafadhili wanalitafuta hilo kwa macho.

Epuka pia "granular detail". Hapo umesema undani wa kina wa undani.

*Linamfaa nani.* Muuza mbolea na dawa za punje, mwanaudongo, mtu wa programu, mwandishi wa ripoti anayeweza kutaja ngazi. Halimfai anayeelezea chakula au picha.

Grainy

*Mkononi.* Tofauti yake na "granular" ni hii: "grainy" ni chembe mahali ambapo ulitarajia ulaini. Hakuna anayeuita mchele "grainy", kwani mchele ni punje toka mwanzo. Lakini aiskrimu iliyoyeyuka na kugandishwa upya ni "grainy", na maziwa ya mtoto yasiyokorogwa vizuri pia.

Asali ndiyo inayowahusu wengi wanaouzia wageni. Ikikaa, hasa kwenye baridi ya Arusha ya mwezi Juni na Julai, glukosi iliyomo hujitenga na kuwa fuwele, asali inageuka nzito, nyeupe nyeupe, yenye chembe ulimini. Sokoni watu husema imetiwa sukari. Si lazima, asali safi kabisa hufanya hivyo. Sasa ukiandika kwenye chupa kwamba ni "grainy honey" umesema kweli na umejiharibia, maana mgeni anasoma dosari. "Naturally crystallised" inasema jambo lile lile na inauza.

Wachongaji wana mtego wao. "Grain" ya mti ni mwelekeo wa nyuzi zake, si punje. Mpingo ni "fine-grained", mgumu, nyuzi zake hazionekani kirahisi, na ndiyo sababu moja ya viwanda vya Ulaya kuutumia kutengeneza klarineti. Kinyago cha mpingo usikiite "grainy", sembuse "granular".

*Mbali na mkono.* Picha. Zamani filamu ilikuwa na chembe za madini ya fedha, na filamu nyepesi kushika mwanga ilikuwa na chembe kubwa zaidi, hivyo picha ya gizani ilitoka na mchangamchanga. Kamera za leo hazina madini hayo lakini tatizo limebaki, kwa sababu ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ili kumpata chui aliyelala kwenye kivuli cha mgunga jua likizama Tarangire, kamera inakuza mwanga mchache pamoja na makelele yake, na manyoya ya chui yanakuwa vumbi la rangi. Hiyo ni picha "grainy".

Nalisisitiza kwa waongoza watalii wanaojibu malalamiko ya wageni kuhusu picha, kwa sababu kuna dosari tatu na kila moja ina jina lake. "Grainy" ni chembe, na chanzo chake ni mwanga mdogo. "Blurry" ni ukungu wa picha: mkono ulitikisika, gari halikuzimwa injini, au lenzi ilikamata majani badala ya mnyama. "Pixelated" ni vijiraba, vinavyotokea ukikuza picha ndogo, kwa mfano iliyominywa ikitumwa kwa WhatsApp. Ukimjibu mgeni kwamba picha yake ni "grainy" wakati ni "pixelated", atalaumu kamera, kumbe alichohitaji ni kutumiwa faili la awali.

*Sifa au lawama.* Lawama, mara nyingi. Linageuka sifa pale tu mpiga picha amekusudia ule mwonekano wa zamani.

*Linamfaa nani.* Mpiga picha, mhariri wa video, mtu wa jikoni anayeandika kwa nini kitu hakikutoka laini. Muuzaji alikimbie.

Gritty

*Mkononi.* Mchanga. Chembe ndogo, ngumu, zisizotakiwa pale zilipo, na mara nyingi kiungo kinachozigundua ni jino. Wali wa mchele uliopepetwa vibaya, mchicha wa mfereji, kikombe cha kahawa kinachobakiza matope chini: yote "gritty". Macho pia. Mgonjwa anayesema anahisi kama ana mchanga jichoni, kliniki itaandika "gritty sensation", hata kama hakuna mchanga wowote na tatizo ni ukavu au uambukizo.

Kuna mahali pamoja ambapo neno hili ni la kitaalamu kabisa, na wanaofanya kazi na wakulima wanapaswa kulijua. Unapopima aina ya udongo bila maabara, unachota donge dogo, unalilowesha, unalisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia mikwaruzo, na ukilisogeza karibu na sikio unasikia hata sauti yake, una mchanga: hapo unaandika "gritty". Ukisikia ulaini wa unga, bila kukwaruza wala kunata, ni tope laini, na Kiingereza chake ni "floury" au "silky". Ukinata na kukubali kuviringishwa kama uzi, ni mfinyanzi, "sticky". Udongo wa volkano wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro unaweza kukupa mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja, basi yaandike yote mawili. Fomu za kupima udongo zilizojazwa "granular" mahali pa "gritty" zinampotosha mtaalamu, kwa kuwa "granular" kwake ni jinsi vibonge vilivyojipanga, na "gritty" ni kilichomo ndani ya vibonge hivyo.

*Mbali na mkono.* Limegawanyika. Kwa mtu, ni ukakamavu wa kung'ata meno na kuendelea. John Stephen Akhwari, yule Mtanzania wa Mbulu aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi: hilo likiandikwa kwa Kiingereza, "gritty" ni neno lake. Kwa filamu au habari, ni kuonyesha maisha magumu bila kuyapaka poda. Kwa mji au mtaa, ni vumbi, kelele, uchovu na hatari kidogo, vyote kwa pamoja.

*Sifa au lawama.* Chakula, lawama siku zote. Mtu, sifa siku zote. Mtaa, inategemea nani anaandika, na hapa nina kinyongo changu. Maelezo ya matembezi ya mjini yanapoliita soko la Kilombero, hapa Arusha, "gritty", mwandishi anamwahidi mgeni starehe ya kutazama shida za wengine. Mama anayepanga nyanya pale tangu alfajiri hajasimama kwenye mandhari ya filamu, yuko kazini. "Busy" inatosha. "Crowded" ni kweli. Kama kuna vumbi, andika "dusty", ni jambo la hali ya hewa tu.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa michezo, bwana shamba, mhudumu wa afya. Mpishi na mtu wa matangazo waliogope.

Coarse

*Mkononi.* Kubwa, zito, lisilo laini. Faida yake kuliko mengine yote ni kwamba lina mwenzake, "fine", na katikati yao kuna "medium", kwa hiyo unaweza kupanga ngazi. Ndiyo maana biashara zinazopima chembe zinalipenda. Kahawa: "coarse" kwa chombo cha kuchuja kwa kusukuma, "medium" kwa chujio la karatasi, "fine" kwa espreso. Muuza kahawa wa Moshi anayechapa lebo hana sababu ya kuandika kitu kingine. "Granular" aiachie kahawa ya kuyeyuka kwenye maji. Na kahawa iliyosagwa "fine" ikiwekwa kwenye kile chombo cha kusukuma, kikombe kitakuwa "gritty", maneno mawili kwa kosa moja.

Ujenzi: "coarse aggregate" ni kokoto, "fine aggregate" ni mchanga, na mpaka wao uko karibu na milimita 5. Chumvi ya chenga kubwa ni "coarse salt". Katani ni "coarse fibre".

Unga unahitaji uangalifu. Wengi wanatafsiri dona kuwa "coarse flour" na sembe kuwa "fine flour". Dona haipewi jina hilo kwa ukubwa wa chembe, ni mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa, na mashine nzuri inaweza kuitoa laini vizuri tu. "Wholegrain maize flour" ndilo jina lake kwenye menyu. "Coarse" iandike pale mashine imesaga vibaya kweli.

*Mbali na mkono.* "Coarse language" ni lugha chafu, "coarse joke" ni utani wa aibu. Kwenye takwimu na ramani, "coarse" ni picha ya juu juu, mraba mmoja wa ramani ya mvua unaofunika Moshi mjini na msitu wa mlimani kwa pamoja kana kwamba mvua yao ni moja. Hapo ni kinyume cha "granular". Ajabu yake ni kwamba dukani "coarse" na "granular" ni majirani, na kwenye takwimu ni mahasimu. Anayetaka kuepuka mkanganyiko wote huo aandike "fine-grained" na "coarse-grained", ambazo zinataja ukubwa wa chembe waziwazi.

*Sifa au lawama.* Kwa vitu, halina upande. Kwa mtu, ni tusi. "A coarse man" si mwanamume mwenye mikono ya kazi, ni mshenzi.

*Linamfaa nani.* Kahawa, ujenzi, jikoni, nguo. Angalia tahajia: "course" ni kozi au awamu ya mlo, na kompyuta haitakuonya kwa kuwa yote mawili ni sahihi. "Main coarse" imeshachapwa kwenye menyu za watu.

Nomino moja, maneno manne

Chukua picha. "A grainy photo" ina dosari ya mwanga. "A gritty photo" inaweza kuwa safi kama maji ya chemchemi, ila inaonyesha maisha magumu. Mengine mawili hayaingii.

Ripoti: "granular" ina ngazi za chini, "gritty" ni ya mwandishi wa habari aliyekaa na watu wa machimbo, "coarse" imejumlisha mno. "Grainy" ni fotokopi mbaya.

Kahawa: "coarse" ni usagaji, "gritty" ni matope ya kikombe, "granular" ni ya kuyeyuka.

Udongo ndio unaoyapokea karibu yote, kila moja kwa maana yake: "granular" kwa mpangilio, "gritty" kwa mguso, "coarse" kwa ukubwa wa chembe.

Ukiwa wapi, uchague lipi

Ukiandika lebo ya kitu cha kula, anza na "coarse" au "fine". Kama kitu chako kina chembe zisizotarajiwa, eleza zilivyotokea badala ya kuzitafutia kivumishi.

Ukiuza mbolea au dawa ya punje, "granular", tena liweke karibu na jina la bidhaa, kwa sababu mnunuzi anataka kujua kama atahitaji kinyunyizio au mkono.

Ukijaza fomu ya udongo, soma kwanza safu inauliza mguso au mpangilio. Mguso, "gritty". Mpangilio, "granular".

Ukimjibu mgeni kuhusu picha zake, ikuze picha kwanza. Vumbi, "grainy", vijiraba, "pixelated", ukungu, "blurry".

Ukiandika habari ya mpagazi aliyeshusha mzigo kutoka kambi ya Barafu, mlimani Kilimanjaro, huku kifundo kimevimba, "gritty" inamstahili. Ukiandika kuhusu mtaa anaokaa, tafuta neno jingine.

Na ukipokea barua pepe ya mfadhili isemayo anahitaji "more granular data" bila kutaja ngazi, usifungue jedwali bado. Mwandikie: "Down to which level: district, ward or household?" Ofisi nyingi zimetumia wiki nzima kuvunja takwimu hadi vijijini, kumbe aliyeomba alitaka tu Hai itenganishwe na Siha.